Mashine ya RC Geita: kasi ipo, sampuli hapana

Tulikodi RC, mashine ya kuchoronga inayopandisha mwamba ukiwa unga kwa nguvu ya hewa, ichimbe mashimo manne ya kupima dhahabu hapa Geita, vijana wa ile kampuni wachapakazi kweli, siku tatu wamemaliza. Shida ilianza mita ya 40 walipogonga maji, unga ukaanza kutoka tope tope na wao wakaendelea kuchota kwa koleo kujaza viroba, dhahabu laini si inaondoka na maji jamani! Maabara ikaleta dhahabu gramu 0.7 tu kwa tani. Sasa wabia tunavutana, mmoja anataka tuuze leseni, mimi nasema turudie shimo moja kwa daimondi, ile mashine inayokata mwamba na kuutoa kama gogo badala ya unga, ghali ndio, lakini unashika mwamba mzima mkononi na mshipa unauona kwa macho. Kasi nyota tano, sampuli nyota mbili. Kama kwako maji yako karibu, wabane juu ya sampuli kabla hujatoa advansi.