Nyimbo za Akili and Me na Ubongo Kids: nimezipima kwa watoto wa kituoni kwangu

Kazi yangu ni kulea watoto wa watu. Nina kituo kidogo huku Mbagala: sebule ya nyumba ya kupanga, uwanja wa mchanga nje, na watoto wa miaka miwili hadi sita ambao mama zao huwaacha alfajiri wakiwahi daladala. TV ipo ukutani, flashi imechomekwa nyuma yake, na sabufa iko juu kabisa ya kabati, maana chini isingemaliza wiki. Kwa hiyo maoni haya si ya mtu aliyejikalia kwenye kochi akatazama. Nyimbo hizi za katuni za watoto nimezirukia, nimezikatikia, na kuna siku nimeziimba huku namfunga mtoto nepi.

Kigezo changu ni kimoja. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, watoto wanaendelea au wote wananigeukia na kusema, "Anti, imezima"? Wimbo unaokufa na TV, kwangu huo ni picha tu yenye sauti.

Nianze na Akili and Me, kwa kuwa ndiyo inayolia hapa kila siku. Inatengenezwa na Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Akili ni mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anajikuta Lala Land, kwa marafiki zake wanyama, na huko ndiko zinakotoka nyimbo za namba, herufi, rangi, maumbo na usafi. Watoto wangu hawahitaji kuelezwa Akili ni nani. Nywele zake, jua la kwao, namna anavyomjibu mama yake, vyote wanavijua. Na Kiswahili chake ni cha kuzungumzwa. Si kile kigumu cha katuni zilizotafsiriwa, ambacho mtoto akikiiga nyumbani bibi yake anauliza amekitoa wapi.

Sasa kwenye kigezo changu. Nyimbo za kuhesabu zinafaulu bila ubishi. Sababu naiona ni kwamba zinaenda polepole, maneno ni machache, na mstari ukiimbwa unarudiwa mpaka hata aliyechelewa anaudaka. Katikati ya vipindi Akili huuliza swali halafu ananyamaza kidogo, na kile kimya ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu sebule nzima inajibu kwa kelele kana kwamba anawasikia. Umeme ukikatika hapo hakuna kinachoharibika. Kuna kijana mmoja wa miaka mitano anachukua nafasi ya Akili, anauliza yeye, wenzake wanaitikia. Nyimbo zile tumezihamishia kwenye vikombe vya uji: dada wa jikoni akianza kupanga vikombe mezani, hesabu inaanza yenyewe, na wakifika kumi wanaomba virudishwe wahesabu tena. Uji unapoa, lakini wanahesabu.

Za kunawa mikono nazo zimeshika. Tuna ndoo yenye koki nje ya mlango, na zamani foleni yake ilikuwa vita. Siku hizi anayenawa anaimbiwa na walio nyuma, na hatoki mpaka waimbaji wamalize. Mtu wa kuwafanya watoto wa miaka mitatu wasugue vidole bila kupigiwa kelele anastahili shukrani, hata akiwa katuni.

Kwenye kucheza ndipo ninapokuwa na neno. Akina Akili kwenye picha wanacheza vizuri, ila picha yenyewe ni nzuri mno. Wadogo wanasimama mbele ya TV midomo wazi, mikono imelegea, wanatazama. Nikawa nafanya hivi: wimbo mpya siku ya kwanza nauweka sauti tu, TV nimeifunika kwa kitambaa. Tunaukuta mdundo kwanza, tunaamua wenyewe hapa tunapiga makofi, hapa tunachuchumaa, hapa tunazunguka. Kesho yake ndiyo wanaiona picha, na hapo mwili tayari una hatua zake. Wanaotaka nyimbo ambazo TV inakufundisha kila hatua ya kucheza, hizi zitawapa kazi. Itabidi hatua wazitunge wenyewe. Mimi sioni ubaya, ila mzazi aliyechoka kutoka kazini saa moja jioni anaweza kuona.

Hapo lazima niitaje Baby Shark, maana kila mzazi ananiuliza kwa nini siipigi sana. Ile ya Pinkfong kutoka Korea Kusini, video iliyowekwa YouTube Juni 2016, ikawa ndiyo inayotazamwa kuliko zote Novemba 2020, na Januari 2022 ikawa ya kwanza kuvuka mara bilioni 10. Kwa kucheza, jamani, ile ni fundi. Kila mtu wa familia ya papa ana mkono wake: mtoto vidole viwili, mama viganja, baba mikono mizima. Mtoto wa mwaka na nusu anaiweza. Umeme ukikatika wanaendelea, tena kwa fujo zaidi. Lakini ikiisha, imeisha. Hakuna neno jipya walilobeba kwenda nalo kwenye ndoo wala mezani. Naiweka Ijumaa mchana, wakati akili za wote, pamoja na yangu, zimeshafunga wiki.

Ubongo Kids ni habari nyingine. Hiyo ndiyo katuni kubwa ya shirika hilohilo la Ubongo, ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014, na ina akina Kibena, Kiduchu, Koba, Baraka na Amani wakitatua mambo kwa hesabu na sayansi. Zamani mtazamaji angeweza hata kujibu maswali kwa SMS akarudishiwa majibu, jambo ambalo kwa nyumba zisizo na intaneti lilikuwa akili kubwa. Nyimbo zake kwa watoto wangu wadogo zinapita juu ya kichwa. Maneno ni mengi na yanakimbia, na wimbo wa hesabu za sehemu au wa maumbo ya pembe hauwezi kumchezesha mtu ambaye bado anavaa viatu kinyume. Ila kaka na dada zao wakija kuwachukua baada ya shule, wa darasa la pili, la tatu, hao nikiwawekea hawaondoki. Mmoja alisimama mlangoni na begi mgongoni akaimba wimbo mzima, kisha akajifanya hakuimba.

Baba mmoja alinikuta TV ikilia, watoto wakirukaruka, akaniuliza kwa upole wa mtu aliyekasirika: "Dada, kwa hiyo ada nalipa aje kuangalia katuni?" Ni swali la haki. Nilimwambia kuna utafiti ulifanyika Morogoro, wa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, ukachapishwa mwaka 2018: watoto walioangalia Akili and Me walionyesha maendeleo kuliko wenzao walioangalia vipindi vingine, kwenye kuhesabu, kutambua namba, maumbo na hata kuchora. Nikamwambia pia kuwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na awe na dakika 180 za kutumia mwili. Neno la kushika hapo ni kukaa. Kwangu wimbo ukipigwa hakuna ruhusa ya kukaa, isipokuwa mgonjwa, na TV inazimwa kabla ya uji wa saa nne. Alicheka. Ada alilipa.

Kwa mfuko: nyimbo zenyewe zipo YouTube bure, kinachokula ni bando. Ukizipiga moja kwa moja mtandaoni matangazo yanaingia katikati, na tangazo la mkopo likiingia kwenye wimbo wa rangi watoto wote wanaanza kuliimba lile tangazo. Nunua bando la usiku, uzipakue, zikae tayari kabla ya asubuhi.

Wa mwaka mmoja kushuka, acha TV kabisa, imba mwenyewe ukiwa umembeba. Wa miaka miwili anza na za kunawa na kuhesabu. Minne mpaka sita, Akili and Me yote. Saba na kuendelea, Ubongo Kids, na usiwakatishe. Na kwenye flashi tenga faili la nyimbo tupu, mbali na vipindi vizima, la sivyo wimbo ukiisha hadithi inaanza, na wote wanakaa chini.