Mashine ya Kufulia ya Matangi Mawili: Thamani Yake Iko Upande wa Kukamulia

Mashine za kufulia zenye matangi mawili, zilizojaa katika maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, kwa kawaida husifiwa kwa namna zinavyofua. Baada ya kuitumia moja nyumbani, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, naona sifa hizo zimekwenda upande usiostahili. Tangi la kufulia ni la kawaida tu, na kola za mashati ya shule bado hazitakati mpaka zifikichwe kwa mkono. Lile tangi dogo la kukamulia ndilo linaloifanya mashine hii istahili bei yake.

Ndani ya tangi hilo kuna kapu lenye matundu linalozunguka mara zipatazo 1,300 kwa dakika, likiyasukuma maji yatoke kwenye nguo na kushuka hadi kwenye mpira wa kutolea maji. Mota yake imeandikwa wati 150, na saa yake ya kupangia muda haizidi dakika 5, kwa hiyo mkamuo mmoja hautumii hata sehemu ya hamsini ya uniti moja ya umeme. Kukausha kwa joto ni habari nyingine kabisa: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban uniti 0.7, na taulo mbili kubwa zilizokamuliwa kwa mkono zinaweza kubaki na maji yanayozidi kiasi hicho.

Wengi wetu hatuna kikaushio cha joto, lakini hilo halimaanishi kwamba tunakausha bure. Kuanzia Machi hadi Mei tunaanika ndani na kuwasha feni usiku kucha. Feni ya wati 60 ikifanya kazi saa 9 inakula zaidi ya nusu uniti, na asubuhi jinzi bado ni mbichi kiunoni na mifukoni, imekwisha kuanza kunuka uvundo, hivyo pasi ndiyo inayomalizia kazi. Jinzi iliyopitia kwenye kapu hili hutoka bila kuchuruzika hata tone, na kanga huhitaji muda mfupi tu kambani.

Sharti lake ni upangaji. Nguo zipangwe kuzunguka kapu lote kwa uzito unaolingana, zishindiliwe, kisha kile kifuniko chembamba cha plastiki kiwekwe juu yake kabla ya kufunga mfuniko wa nje. Shuka zito likilundikana upande mmoja, mashine hugonga na kuanza kutembea sakafuni. Hapo zima, upange upya, usingoje itulie yenyewe.

Kasoro zipo. Kilo 7 zinazotangazwa kwenye boksi ni za upande wa kufulia. Kapu la kukamulia linabeba pungufu ya hapo, na blanketi nene haliingii. Nguo lazima zihamishwe kwa mkono, jambo linalolowesha sakafu kila mara, na mpira wa maji usipolazwa chini maji hayatoki vizuri.

Kwa anayekwenda kununua, jambo la kukagua kabla ya rangi na urembo ni breki, hasa kwenye nyumba yenye watoto. Omba mashine iwashwe palepale dukani, kisha mfuniko ufunguliwe kapu likiwa kwenye kasi. Lisiposimama ndani ya sekunde chache, omba uletewe nyingine.