Makaburi ya kale Bagamoyo: anza Kaole, malizia Misheni

Ziara ya makaburi na Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni ya siku moja na inastahili nauli yake, ila wengi huifanya kinyumenyume. Mgeni akishuka stendi hudakwa na mwongozaji, akazungushwa mitaani asubuhi kukiwa bado na ubaridi, kisha saa sita mchana akapelekwa Kaole, kwenye magofu ya kale, mahali penye kivuli haba na mawe yanayorudisha joto usoni. Geuza ratiba hiyo. Kaole iko kusini, makaburi ya Wajerumani yako njiani ukirudi mjini, Misheni ya Wakatoliki iko kaskazini. Ukianza kusini saa mbili asubuhi na kupanda kuelekea kaskazini, hurudii njia wala huchomwi na jua bure.

Kaole iko kilomita kama 5 kutoka mjini. Chukua bajaji au bodaboda, na bei mpatane ya kwenda, kusubiri na kurudi. Ukimwachia dereva aondoke, usafiri wa kurudi ni wa kubahatisha, na atakayekukuta umekwama ndiye atakayepanga bei. Beba kitambulisho: kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje. Dai risiti kabla hujaingia. Vaa viatu vilivyofunika vidole, maana vipande vya matumbawe hukata. Wakati wa masika ongeza dawa ya mbu, kwa kuwa mikoko iko jirani.

Ndani kuna magofu ya misikiti miwili, ule wa zamani zaidi ukiwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Yanayowatia watu ulimbukeni wa picha ni yale ya nguzo, yaani yenye nguzo ya mawe iliyosimamishwa juu yake. Usikimbilie picha, zunguka kwanza upande unaopigwa na jua la asubuhi uitazame nguzo kwa karibu. Utaona vishimo vya duara, kingo zake bado zina chokaa. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina, fahari ya mwenye kaburi na ushahidi wa biashara ya bahari. Vyombo vya kauri utavitazama kwenye makumbusho ndogo iliyopo hapohapo, kwa hiyo ingia humo kabla ya kwenda makaburini, utoke ukijua unachokitafuta. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana huondoka wakisema wameona mawe tu.

Angalia pia namna makaburi yalivyolala. Pwani yetu kibla, yaani upande wa Makka, ni kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea huko, hivyo makaburi yamenyooka mashariki kwa magharibi. Simama kwenye mihrabu ya msikiti, kile kijibweta cha imamu kinachoelekea kibla, kisha tazama makaburi: mpangilio wote unajieleza. Mwongozaji asiyekuonyesha hilo amekuja kukusindikiza tu.

Humohumo Kaole, kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa kwa ucha Mungu, lisichukuliwe kama kivutio. Watu bado wanakwenda kuomba dua. Ukiwakuta, subiri pembeni, simu mfukoni, na ulichokikuta kimewekwa kaburini kiache kilipo. Kupanda kuta ni marufuku kwa sababu nzuri: chokaa ya zamani ikilegea, jiwe moja likitoka, mvua huingia na ukuta mzima hufuata. Kuna pia mbuyu ambao watu husema ukiuzunguka unaongezewa miaka: huo mchezo, zunguka ukipenda, hauna madhara.

Ukirudi mjini, simama ufukwe wa Badeco. Makaburi ya Wajerumani yamezungushiwa ukuta wa mawe, ni kama 20 hivi, na mengi ni ya askari waliokufa wakati wa vita vya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, vilivyoanza 1888. Ni padogo, nusu saa inatosha, lakini bila maandalizi patakuchosha kwa sababu maandishi ni ya Kijerumani. Maneno matatu yanakutosha. Ukiona «geb.», tarehe inayofuata ni ya kuzaliwa, «gest.», ni ya kufa, «gefallen», huyo aliuawa vitani. Kwa hiyo unaweza kupita safu kwa safu ukatenganisha waliokwenda na risasi na waliokwenda na homa. Pale herufi zilipofutika, usimwage maji wala kusugua chaki, usije ukaliharibu jiwe. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa jiwe ikimulika kwa kulalia, herufi zitajitokeza zenyewe kwa vivuli vyake.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna mnara wa kumbukumbu mahali Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga Waafrika waliowapinga. Usiondoke bila kuufikia. Wavamizi wana makaburi, majina na ukuta. Walionyongwa wana mnara mmoja usio na majina. Ukiambiwa Abushiri mwenyewe alinyongwa hapo, kataa: alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Hicho ni kipimo kizuri cha mwongozaji. Akikosea hapo, yanayofuata yasikilize kwa tahadhari.

Mji Mkongwe ni wa kupita kwa miguu, saa moja na nusu. Tazama milango ya kuchonga, Ngome Kongwe, Boma la utawala wa Wajerumani la mwaka 1897, na jengo la forodha karibu na soko la samaki. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, na majengo kadhaa yamechoka. Usitegemee kuingia kila mahali. Kula sokoni: samaki wa kukaanga wa siku ileile, chagua mwenyewe, na bei uulize kabla hajatumbukizwa kwenye mafuta. Ukiwa na watoto, wape maji hapa, siyo baadaye.

Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianza 1868. Njia ya miembe inakufikisha, na baada ya jua la ufukweni kivuli chake ni neema. Makaburi ya wamisionari ni safi, yamepangwa, misalaba midogo, nayo yanasomeka kuliko yote ya Bagamoyo. Fanya hesabu ya umri ukipita: wengi walikufa vijana, homa ya pwani haikuwapa muda. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, hakuzikwa hapa, ingawa utasikia hivyo. Mwili wake ulibebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka iliyo Zambia leo, ukafika Februari 1874, ukalazwa kwenye mnara wa kanisa kabla ya kuvushwa Zanzibar. Alizikwa London, Westminster Abbey, Aprili mwaka huohuo. Jumapili asubuhi usiende, ni muda wa misa. Siku nyingine uliza mapema saa ya kufunga makumbusho yao, kwa sababu hayo ndiyo yenye picha na maelezo marefu.

Kwa upande wa mwongozaji: Kaole mchukue, mjini ni hiari, Misheni huna haja naye. Mwombe kitambulisho, patana bei ya kundi zima na siyo ya kichwa, na mtaje kabisa sehemu mtakazofika, vinginevyo kila kituo kitageuka mkataba mpya.

Nyota: Kaole 5, Misheni 4, Wajerumani 3, na hizo 3 ni pamoja na ule mnara. Basi la Dar linashusha na kupakia kituo cha Makumbusho, jijini Dar es Salaam. Ondoka Bagamoyo kabla ya magharibi, foleni ya kuingia jijini jioni humaliza muda uliookoa asubuhi.