Mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma: nyota nne usiku wa kwanza, moja usiku wa tatu

Chupa ninayoisemea ni ile ndogo ya kioo cheusi, mililita 10, mafuta ya Pemba yaliyotolewa kwa mvuke kwenye makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu mtini. Kiwanda cha ZSTC (Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar) kule Wawi, Chake Chake, kinaitwa hivyo hivyo, Kiwanda cha Makonyo. Makonyo hayana hadhi ya karafuu yenyewe sokoni, lakini mafuta yake yamejaa eujenoli, na eujenoli ndiyo inayotia ganzi. Ukiwahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, harufu utaitambua mara moja: eujenoli ikichanganywa na unga wa zinki oksaidi ndiyo dawa ya siku nyingi ya kuziba jino kwa muda.

Kabla ya kuyatia mdomoni, yapime. Dondosha tone moja kwenye glasi ya maji, kisha lisukume chini kwa kijiti. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yatazama. Yakipanda juu na kutanda kama mafuta ya mchuzi, yamechakachuliwa kwa mafuta ya kupikia. Hayatakudhuru kwa hilo, ila usishangae jino likiendelea kupiga. Chupa ya plastiki laini au yenye kitoneshi cha mpira siinunui, maana mafuta haya hulainisha mpira na ladha yake huishia humo ndani.

Matumizi. Kwanza sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, halafu pitisha uzi katikati ya meno pande zote mbili za jino linalouma. Hatua hii wengi huiruka, na mara nyingine ndiyo tiba yenyewe: uzi wa nyama au wa embe ulionasa na kubana fizi huuma sawasawa na jino bovu. Kama maumivu yamebaki, changanya tone moja la mafuta ya karafuu na tone moja la mafuta ya nazi au alizeti. Chovya kipande cha pamba kisichozidi mbegu ya papai, kikamue kwenye mdomo wa chupa mpaka kisidondoke, ukiweke ndani ya tundu kwa kibano safi. Dakika tano, toa, sukutua. Utasikia moto kidogo, kisha ganzi. Rudia baada ya saa tatu au nne ukihitaji.

Makosa ninayoyaona sana ni mawili. La kwanza ni kumimina mafuta matupu moja kwa moja: yanamwagikia fizi na shavu, ngozi inababuka nyeupe, na kesho yake una vidonda viwili badala ya kimoja. La pili ni kulala na pamba mdomoni. Kusaga aspirini na kuibandika kwenye fizi nako ni kujichoma tu, usijaribu. Watoto wadogo wasipakwe kabisa, na chupa ikae juu kabatini, maana mtoto wa miaka miwili akimeza mililita 5 hadi 10 anaweza kupoteza fahamu na kuharibikiwa ini.

Kwa mtu mzima, mafuta yanafanya kazi vizuri zaidi yakisaidiwa na vidonge: ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, pamoja na parasetamoli miligramu 1000, kila baada ya saa nane. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, abaki na parasetamoli peke yake. Amoksilini ya kununua kidonge kimoja kimoja dukani haitulizi neva ya jino, ni hela ya bure.

Sasa kwa nini nyota moja usiku wa tatu? Mafuta haya hufika pale tu palipo wazi. Yakikutuliza, maana yake kwa kawaida ni kwamba tundu liko wazi na neva ndani yake bado hai, na huo ndio wakati jino linaweza kuzibwa bila kung'olewa. Kwa hiyo nafuu ndiyo sababu ya kwenda, si ya kukaa. Yasipotuliza kitu, huenda usaha umeshajikusanya kwenye ncha ya mzizi, chini kabisa ndani ya mfupa, na tone la juu haliwezi kuufikia.

Lisikilize jino. Likishtuka kwa maji baridi na kuacha baada ya sekunde chache, panga miadi wiki hii. Likiendelea kuuma nusu dakika au zaidi, likikuamsha usiku, au likichachamaa kwa chai moto na kutulia kwa maji ya friji (wapo wanaotembea na chupa ya maji baridi mchana kutwa), neva inakufa: nenda kesho asubuhi. Maumivu makali yakikatika ghafla bila tiba, usisherehekee, mara nyingi neva imeshakufa. Kipele kwenye fizi kinachotoa usaha ni hivyo hivyo, hata kama hakiumi.

Uso ukivimba, homa ikipanda, au vidole viwili vilivyopangwa wima visipopita katikati ya meno, ni siku hiyo hiyo. Uvimbe ukishuka chini ya taya au kupanda kuelekea jicho, mate yakikushinda kumeza, au pumzi ikibana, usitafute kliniki ya meno. Nenda hospitali yenye idara ya dharura, hata saa nane za usiku.

Ukifika kwa daktari, mwambie umetumia mafuta ya karafuu, mara ngapi, na lini mara ya mwisho. Eujenoli huzuia ile dawa ya kuziba yenye rangi ya jino isigande vizuri, na yeye ndiye atakayeamua alisafishe zaidi tundu au atumie dawa nyingine.