Tochi ya UV ya euro 14: uzoefu wangu kwa wanaokusanya medali na picha za jeshi la Mjerumani wa zamani

Wakuu habari zenu. Mi niko Berlin mwaka wa saba huu, kwetu Tabora, na ugonjwa wangu ni vitu vya jeshi la Mjerumani enzi za Kaiza, yani mpaka 1918 naishia hapo. Vya Hitler sigusi, na masokoni huku utavikuta vimebandikwa stika juu ya ile alama yao maana sheria ya hapa hairuhusu kuianika hadharani.

Tochi nilinunua baada ya kupigwa. Nilichukua mtandaoni Msalaba wa Chuma wa 1914, daraja la pili, euro 90 pamoja na cheti, muuzaji simtaji. Mbuzi kwenye gunia kabisa. Ule wa kweli kawaida una vipande vitatu, katikati bamba la chuma limepakwa rangi nyeusi, halafu fremu mbili za fedha zimelibana na kulehemiwa, ukitazama ukingoni kwa lenzi ya sonara unauona mstari wa muungio. Wangu ulikuwa umemiminwa kipande kimoja kama sabuni na sumaku haishiki hata kidogo. Cheti ndo kilikuwa kizuri kuliko msalaba. Na inauma zaidi kwa sababu misalaba hii ilitolewa kwa mamilioni vita ya kwanza, sio kitu adimu cha kukurupukia.

Sasa tochi. Mwanga wake wa UV, yani urujuanimno, unapimwa kwa nanomita: chukua ya 365, sio 395, ile ya 395 inatoa mwanga wa zambarau mwingi mpaka huoni kitu. Kuanzia miaka ya 1950 hivi viwanda vilianza kuweka kwenye karatasi za picha kemikali ya kuongeza weupe, ukiimulika inawaka kama shati jeupe disko, picha ya 1914 inatulia tu. Kuna Jumamosi pale soko la Straße des 17. Juni nikakuta postikadi ya askari wa Schutztruppe, yani jeshi la koloni la Mjerumani, wale wetu, kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, mzee anataka euro 120 na anaapa ni orijino. Nikajifunika koti kichwani watu wananishangaa, nikamulika, ikawaka kama taa ya bajaji. Mzee mwenyewe kapigwa na butwaa, kumbe hajui, akanipa kwa euro 3, nimeibandika jikoni.

Ila isikupumbaze. Karatasi kutowaka sio ushahidi kwamba ni ya zamani, na kwenye magwanda ndo kuna mtego: uzi mpya wa polyester unaweza kuwaka, sawa, lakini koti la kweli likifuliwa na sabuni ya unga ya siku hizi nalo linawaka lote. Nilishaliacha koti moja la kijivu kwa ujinga huo, mpaka leo roho inaniuma. Siku hizi namulika ndani ya bitana na chini ya vifungo.

Na tochi haikwambii aliyeko kwenye picha ni nani, hapo rudi kwenye lenzi utafute namba ya kikosi begani au kwenye kitambaa kilichofunika kofia ya mwiba. Zile kofia pana za koloni zilizokunjwa upande mmoja, ukingo mweupe ni huku kwetu Afrika Mashariki, bluu ni Namibia, nyekundu Kamerun, shida filamu za zamani zinaweza kuitoa bluu karibu na nyeupe, kwa hiyo usiape kwamba jamaa alikuwa Dar.

Kitu cha mwisho nilichomulika ni medali ya koloni, ile iliyoanzishwa 1912, kwenye utepe ina kibao kidogo kimeandikwa Deutsch-Ostafrika 1905/07. Yani Maji Maji. Utepe haukuwaka, nyuzi safi, kila kitu kinakubali, na hela nilikuwa nayo. Nikairudisha kwenye kioo nikaenda kula.

Kero za tochi: betri haidumu, masaa mawili sokoni imeanza kufifia, na haikuja na miwani, nunua ya njano kivyako maana huo mwanga sio wa kuchezea macho. Nyota nne.