Gundi nne za kuunga kijiti cha koili ya redio: ipi imefaa na ipi imeharibu

Redio yangu ya mawimbi ya kati ilipoanguka kutoka juu ya kabati, kasha lake halikupata hata mkwaruzo, lakini stesheni zote zilibaki kunong'ona. Nilipoifungua nilikuta kijiti cheusi cha feraiti, kile ambacho koili ya antena, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, huvishwa, kimekatika vipande viwili karibu na katikati. Katika kutafuta gundi ya kukiunga nimejaribu aina nne, nyingine kwenye kijiti hicho na nyingine kwenye vijiti vya redio mbovu nilizokuwa nimezihifadhi kwa ajili ya vipuri.

Ni vyema kwanza ieleweke koili hii inataka nini. Feraiti ni kauri iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma, ngumu lakini yenye kuvunjika kama kikombe, na kazi yake ni kukusanya usumaku wa mawimbi ya redio na kuupitisha ndani ya koili. Gundi ya kawaida haina uwezo huo, kwa hiyo utando wowote wa gundi unaobaki kati ya vipande viwili ni pengo; pengo likiwa nene, induktansi ya koili, yaani uwezo wake wa kuhifadhi nguvu ya usumaku, hupungua, sakiti ya antena huacha kuoana na stesheni uliyoichagua, na sauti hufifia. Pengo lililo chini ya koili hudhuru kuliko lililo kwenye ncha ya kijiti. Kwa sababu hiyo mimi huipima gundi kwa wembamba wa utando wake kabla ya kuuliza ina nguvu kiasi gani.

Iliyoniridhisha kuliko zote ni epoksi ya sehemu mbili, ile inayokauka polepole kwa muda wa saa 24 hivi. Ikishachanganywa hubaki laini kwa muda mrefu, na muda huo ndio thamani yake, kwa kuwa unaweza kubana vipande hadi gundi ya ziada itoke yote na kubaki utando usioonekana kwa urahisi. Epoksi ya dakika 5 nayo hushika, lakini ilianza kuwa nzito mikononi mwangu kabla sijamaliza kubana, na kiungo kikabaki na mstari mnene. Ile iliyochanganywa na unga wa chuma isikaribie koili kabisa, kwani chuma hicho kinaweza kula nguvu ya mawimbi.

Usafi wa sehemu iliyokatika una uzito sawa na uchaguzi wa gundi. Uso wa feraiti iliyovunjika una chembechembe zinazometa, na vipande hukubaliana kwa namna moja tu. Ukivishikiza vikavu bila gundi, utahisi kwa vidole pale vinapojifunga na mstari wa ufa kupotea. Punje moja ya vumbi inatosha kuvizuia visifike hapo. Nilisafisha kwa spiriti na brashi laini, nikapaka epoksi upande mmoja tu, nikabana, kisha nikakilaza kijiti kwenye mkunjo wa kadi nene iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki ili kinyooke. Gundi iliyotoka nje ifutwe ingali mbichi, maana uvimbe wowote utazuia koili kuteleza juu ya kijiti, na kuteleza huko kutahitajika baadaye.

Supaglu ndiyo ya pili. Utando wake ni mwembamba sana, na kwa hesabu ya usumaku pekee ingestahili nafasi ya kwanza. Udhaifu wake ni kwamba haimpi mtu nafasi ya kujirekebisha: vipande vikikutana vikiwa vimepishana hata kidogo, vimekwisha kushikana. Aidha, kiungo chake hakipendi mishtuko, na redio ya kubebeka haikosi kugongwa. Jambo baya zaidi ni kwamba majimaji yake hunyonywa na nyuzi za koili kama mafuta kwenye utambi. Tone moja lilipenya chini ya koili ya kijiti cha majaribio na kuigandisha mahali pake moja kwa moja. Anayeitumia aitoe koili kwanza.

Gundi ya kuyeyusha kwa bastola ya umeme haifai kwa ufa wenyewe. Ikigusa feraiti baridi hupoa na kuganda ikiwa bado nene, na redio ikiachwa ndani ya gari kwenye jua, hulainika.

Silikoni yenye harufu ya siki ndiyo niliyoijutia. Harufu ile ni ya asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, na asidi hiyo hula shaba. Niliitumia kushikilia ncha za koili, na baada ya wiki chache nilikuta kutu ya kijani mahali waya ulipounganishwa kwa risasi ya kulehemu.

Kwa koili yenyewe sipendekezi gundi yoyote kati ya hizi. Tone la nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, huishikilia vizuri, halidhuru waya, na huondolewa kwa ukucha siku ya matengenezo. Nyuzi za waya wa koili zikiwa zimekatika, hilo ni suala la kulehemu kwa risasi, na kila uzi, hata uwe mwembamba kama unywele, lazima upate risasi.

Baada ya saa 24 nilirudisha koili, nikatafuta stesheni dhaifu karibu na 600 kHz, nikaisogeza koili taratibu kuelekea katikati ya kijiti hadi sauti ikafikia kilele, kwa kuwa huko katikati induktansi huongezeka na kufidia iliyopotea kwenye ufa. Kisha nikarekebisha kapasita ndogo ya antena, ile inayozungushwa ili kuoanisha sakiti na stesheni, kwenye stesheni iliyo karibu na 1400 kHz, nikarudia yote mawili mara moja zaidi, ndipo nikadondosha nta. Stesheni za mbali za usiku, ambazo baada ya ajali hazikusikika kabisa, sasa zinasikika neno kwa neno.