Buti nyepesi za elfu hamsini na tano, baada ya miezi sita porini Liwale

Kazi yangu ni kusoma nyayo. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa Julai naingia kambini upande wa Liwale, kwenye vitalu vya Pori la Akiba Selous, natangulia mbele ya mwindaji na wageni wake macho yakiwa chini. Kukiwa hakuna wageni nina mikorosho yangu, na mara mojamoja napata kibarua cha kuongoza watu wanaopenda kutembea tu. Kwa hiyo kiatu nakijua kwanza kwa alama inayobaki ardhini, sura yake inafuata. Nikienda kununua naomba kukikanyagisha kwenye vumbi. Wauzaji hunicheka, nami nawaacha wacheke.

Pale Masasi kijana muuza mitumba alikuwa amezipanga buti zake juu ya turubai, zinang'aa kwa mafuta ya kujipaka. Nikaokota jozi moja ya kahawia, namba 43, ubavuni wavu, mbele na kisiginoni ngozi ya swedi. Nikaikunja.

“Mzee wangu, hiyo gredi ya kwanza. Belo tumelifungua jana.”

“Belo mmelifungua jana. Kiatu kimetengenezwa lini?”

Akanitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake.

Swali hilo nimelilipia. Msimu uliotangulia nilinunua buti katika duka moja Mtwara mjini, elfu tisini, zinaonekana hazijawahi kuvaliwa. Siku ya tatu, tukiwa nyuma ya nyati dume mzee aliyejitenga, nikasikia kisigino kinalegea. Nikainua mguu: soli ya kati inamomonyoka kama andazi la juzi. Hatua mia mbili mbele soli yote ikabaki kwenye majani, nikaendelea na kitambaa. Gari lilikuwa mwendo wa saa tatu nyuma yetu. Kijana mmoja alikuwa na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli alivyofungia dumu la maji, akanifunga soli kama anafunga kuku wa kupeleka mnadani. Nyati hatukumpata, na sikatai kwamba kelele zangu zilichangia. Niliporudi dukani nikaambiwa nimezivaa mwenyewe.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Buti nyingi za gharama zina soli ya kati ya povu la poliurethani. Povu hilo ni laini na linabeba vizuri, lakini unyevu wa hewa unalivunja kidogo kidogo ndani kwa ndani, hata kiatu kikae kwenye boksi bila kuguswa. Joto linaongeza kasi. Sasa kiatu kikae kabatini Ulaya miaka minane, kisafiri kwenye kontena, kikae tena stoo ya pwani yetu hii. Juu kipya, chini kimeshakufa. Povu jingine, la EVA, ambalo ni ndugu wa lile la kandambili nyepesi, halimomonyoki hivyo. Lenyewe linabonyea tu kadiri unavyolitumia, mpaka siku moja unahisi kokoto zote.

Kwa hiyo pale Masasi nilibonyeza soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba. Ikirudi, heri. Ikibaki na shimo, au ikitoa nyufa ndogo kama tope lililokauka, rudisha kwenye turubai hata kama ni ya elfu kumi. Nikafunua ulimi, kwenye kilebo kidogo kilichoshonwa kwa ndani nikakuta tarehe: 03/22. Nikatoa soli ya ndani, nikaisimamia: vidole havikuzidi ukingo, na mbele ya dole gumba palibaki nafasi ya upana wa kidole. Hapo ilikuwa saa kumi jioni, nimeshazunguka mjini tangu asubuhi. Mguu wa jioni ndio wa kununulia kiatu, maana umeshavimba. Mguu wa asubuhi unakudanganya.

Rangi nayo ilinivutia. Nyeusi na bluu iliyokolea zinaita mbung'o, na huku kwetu mbung'o hahitaji mwaliko. Zile za mabaka ya kijeshi sizigusi kabisa, hata ziwe bure. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba wenye nguo za aina hiyo wazisalimishe, na sina hamu ya kuelezea viatu vyangu kituoni.

Alianza elfu themanini, tukamalizana hamsini na tano. Kabla ya kulipa nikazikanyagisha kwenye vumbi. Chini ya kisigino zina alama tatu kama kwato za farasi zilizopandana. Nikazipenda hapohapo.

Nilitaka kujua uzito. Mizani ya korosho ya ghalani haina habari na kitu cha kilo moja, nikaenda kwa mama muuza dagaa. Akakubali kwa sharti niziweke kwenye mfuko kwanza. Jozi nzima: kilo moja na gramu mia moja. Buti zangu za ngozi za zamani, ambazo nilizibeba kusudi, kilo moja na gramu mia tisa. Tofauti ni gramu mia nne kwa kila mguu. Inaonekana ndogo, ila piga hesabu: siku ya kilomita 20, kwa hatua zangu, ni kama hatua 28,000. Kila hatua unainua mguu mmoja wenye gramu mia nne za ziada. Jioni umenyanyua tani 11 za bure. Hiyo ni lori la korosho. Wapanda milima wana msemo kwamba kilo moja mguuni ni sawa na kilo tano mgongoni. Mimi siwezi kuupima, lakini mapaja yangu yamekubali.

Kabla ya kuingia nazo porini nilizipeleka kwa fundi, mzee anayekaa chini ya mwembe. Akazishona soli kuzunguka kote kwa shazia na uzi wa nailoni, elfu saba. “Mwanangu, gundi ya wenzetu haijui jua la huku.” Kazi hiyo ndiyo iliyoziokoa, na ningemshauri yeyote anayenunua mitumba aihesabu kwenye bei.

Sasa porini. Agosti na Septemba miombo imemwaga majani, chini pakavu. Hapo ndipo buti nyepesi inapojilipa. Soli yake ni laini kiasi kwamba unakihisi kijiti kabla hakijavunjika, unarudisha uzito nyuma, unaweka mguu pembeni. Wageni huja na buti ngumu za milimani, nzuri sana, na wakitembea unadhani mtu anatafuna bisi nyuma yako. Siku moja tulikaribia kundi la palahala hadi hatua kama hamsini. Mwindaji akamwambia mgeni abaki, tukasogea wawili tu. Nilisikia wale wanyama wanavyochuma majani. Kwenye buti za ngozi nisingefika.

Na ile alama ya kwato tatu imekuwa na faida nisiyoitegemea. Nikitangulia mbali, vijana wananifuata kwa kisigino changu bila kuita wala kupiga mluzi.

Lakini ubaya upo, na si mdogo. Povu laini linalohisi kijiti linampokea pia mwiba. Mwiba wa mgunga unapenya kama sindano kwenye sabuni. Nimeshachomwa mara nne, mara moja mpaka nikachechemea siku mbili. Sasa nimeweka ndani kipande chembamba cha mpira mgumu chini ya soli ya ndani, kinaongeza uzito kidogo, kinapunguza hisia kidogo. Nimekubali hasara hiyo. Wavu wa ubavuni unaingiza majivu. Ukipita eneo lililoungua, jioni unavua soksi una mguu wa mchoma mkaa. Upupu ndio usiseme. Vile vinyweleo vinanasa kwenye wavu na kwenye kamba, unafungua kiatu usiku kambini kwa mikono mitupu, halafu unajikuna mpaka alfajiri. Na asikudanganye mtu kuhusu nyoka: kifutu akikupiga pale, wavu si kitu. Mimi navaa juu yake vifuniko vya turubai nilivyoshonewa, vinafika karibu na goti.

Maji yalinishangaza. Buti hizi hazina ule utando wa kuzuia maji, nami sikuutaka. Mwenzangu anazo zenye utando. Tulivuka kijito asubuhi mapema, maji yakatuingia wote kwa juu. Fundi alikuwa ameshanitobolea vitundu viwili kila kiatu kwa msumari wa moto, upande wa ndani juu kidogo ya soli, yakatoka yenyewe. Mchana soksi zangu zilikuwa na unyevu tu. Yeye alimwaga maji, akavaa, na jioni alikuwa bado na kisima. Utando unazuia maji ya nje yasiingie, lakini yakishaingia hayana njia ya haraka ya kutoka. Kwa nchi ya baridi sawa. Akazianika karibu na moto, ncha ikabanduka. Moto na gundi havikai chumba kimoja. Jaza magazeti, weka kivulini, basi.

Tope ni habari nyingine. Desemba mvua zilipoanza, udongo mweusi wa mabondeni ukajaza meno ya soli ambayo ni mafupi na yamebanana. Kila mguu ukawa tofali. Hapo nilivua, nikapita na yeboyebo, na sikuona aibu.

Mwezi huohuo nilipeleka watu wawili kilima cha Tendaguru, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Kama kilomita sitini kutoka Lindi mjini. Njia si ngumu, buti zilipita bila neno. Mmoja wa wageni akaanza kulalamika lengelenge, nikampa kipande cha plasta na ming'oko ya kutafuna. Mifupa ile, zaidi ya tani 200, ilibebwa na wazee wetu kwa miguu hadi bandarini Lindi. Sidhani kama yupo aliyewauliza wanavaa namba ngapi.

Nani asizinunue? Anayebeba mzigo wa zaidi ya kilo kumi na tano mgongoni, maana kifundo cha mguu kinayumba. Na anayeshinda kwenye mawe makali. Kuzunguka vilima vya Masasi siku mbili tu kuliziondolea swedi ya mbele. Kwa anayetembea mbali bila mzigo, kwenye miombo na mchanga, kiangazi, ningenunua tena aina hii kesho, ili mradi tarehe ya chini ya ulimi isizidi miaka minne.

Kisigino cha kulia sasa kimeisha nusu. Fundi anataka nizilete Alhamisi abandike kipande cha tairi, anasema kitakaa mwaka. Nimemwambia abandike mbele tu, kisigino akiache. Vijana wameshakizoea.